Kimeza cha bibi kinauzwa, lakini hakiuzwi kwa uoga

Mhariri,

Pokea salamu zangu na naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua yenyewe ni ndefu na mwanzo wake unafanana na tangazo, manake ni kweli nauza kitu, nauza kimeza cha bibi yangu, lakini sikuandika ili nipate mteja. Nimeandika kwa sababu ya yaliyonikuta tangu nitoe picha yake, na zaidi kwa sababu ya mama mmoja jirani yetu ambae aliporwa chake mchana kweupe bila kuvunjiwa mlango wala kushikiwa kisu, kwa maneno tu.

Sisi ni watu wa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba yetu iko Kibokoni. Bibi alitangulia mbele ya haki mwaka jana, Mungu amrehemu, na ilipopita arobaini tukakaa familia kugawa alivyoacha. Vyombo vya ndani havikutupa taabu, samadari ikaenda kwa shangazi, kabati la vioo akachukua mjomba, masinia na madele ya kahawa wakagawana wajukuu wa kike, tukabaki na kimeza, na hiki kimeza kila mtu alikitaka. Warithi sita, kimeza kimoja. Mjomba ndie aliesema basi kiuzwe, pesa zigawanywe kila mtu na fungu lake kama dini inavyosema, na hapo hapo wakanigeukia mimi, ati kwa vile ndie ninaejua mambo ya simu nikitafutie mnunuzi.

Hebu nikieleze manake kukiona ndio kukielewa. Ni kimeza kidogo cha kando, kile anachowekewa mgeni karibu na goti apate kutua kikombe cha kahawa na kisahani cha halua. Uso wake una pande nane, upana kama inchi 18 hivi, na chini yake hakuna miguu minne ya kawaida, kuna vibao vinane vilivyotobolewa matundu ya nakshi kama dirisha la msikiti, vimeunganishwa kwa bawaba ndogo ndogo za shaba, ukishaondoa uso vinakunjana vyote vikalala bapa. Kilitengenezwa kisafiri. Na uso wenyewe ni kazi ya njumu, yaani ubao umechongwa vishimo vya maua na majani, kisha kila kishimo kikajazwa kipande cheupe kilichokatwa kwa umbo lile lile, vingine vidogo kama punje ya mchele, na kati yake kumepita nyuzi za shaba nyembamba kama unywele. Katikati iko nyota, kuzunguka nyota kuna mizabibu inayopandana, na ukingoni kuna mstari wa vimraba vyeusi na vyeupe. Usiku mmoja stima zilipotea nikawasha taa ya simu nikavihesabu vishimo vilivyobaki wazi, ni kumi na saba. Na karibu na ukingo kuna duara jeusi la kuungua, ukubwa wa kikombe cha kahawa, hapo ndipo lilipoangukia kaa la chetezo siku ya harusi ya mamangu, bibi hakukubali hata mara moja lisuguliwe, alikuwa akipitisha kidole pale akisema hii ni tarehe.

Yeye mwenyewe alikipata kama tunzo ya harusi yake mwaka 1951, alipewa babake na jirani yao Mhindi aliekuwa na duka la nguo karibu na Marikiti, na kimeza tayari kilikuwa kimetumika nyumbani kwa yule jirani. Ndio kusema kina miaka zaidi ya sabini kwetu tu.

Sasa nikapiga picha nne, nikaziweka Facebook na kwenye makundi mawili ya WhatsApp, nikaandika kimeza cha kale cha njumu kinauzwa, bei maelewano. Simu hazikunipa nafasi ya kula. Wa kwanza akanambia elfu tatu, tena kwa sauti ya mtu anaekusaidia, ati hiyo ni mbao kuukuu imejaa mapengo. Wa pili alikuwa mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha wageni kule Nyali, yeye hakuwa na ubaya, alikipenda kweli, lakini akasema atakipiga msasa mpaka kiwe cheupe alafu akipake vanishi nzito king'are kiendane na makochi yake, na mimi nikahisi kama mtu ananambia atamnyoa bibi nyusi. Wa tatu ndie alienifanya niandike.

Huyu alikuja nyumbani. Kijana mtanashati, salamu nzuri, akavua viatu mlangoni. Akainama pale kwenye kimeza, akapiga uso kwa ukucha, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza polepole kama mtu anaetoa habari za msiba: unajua hii ni pembe ya ndovu? Akanambia ukikamatwa nayo ni jela, hakuna dhamana, na kwa vile nishaweka picha mtandaoni basi watu wa wanyamapori wameshaona na kufika kwao ni suala la siku tu. Mimi miguu ikanilegea. Alafu akanambia usiwe na wasiwasi, yeye anajua njia, atakuja usiku na gari akiondoe, na kwa kunionea huruma atanipa elfu tano, lakini nifute picha na nisimwambie mtu.

Nakiri nilikaribia kukubali. Kilichoniokoa ni shangazi, alikuwa jikoni anasikia yote, akatoka na upawa mkononi akasema kimeza hakitoki nyumba hii usiku, bibi yenu hakuiba kitu.

Alipoondoka yule kijana ndio shangazi akanieleza ya jirani yetu, na mhariri hapa ndipo penye uchungu. Mama huyu ana miaka zaidi ya sabini na tano, anakaa peke yake na mjukuu wa shule. Alikuwa na kimeza ambacho ni kama ndugu wa hiki chetu, cha pande sita, alirithi kwa mumewe. Mtu wa duka moja la vitu vya kale, duka nisilolitaja, alimwendea na maneno yale yale, pembe, jela, polisi, mjukuu wako nani atamlea, na akamwachia shilingi elfu mbili akabeba kimeza kimefungwa kwa shuka. Elfu mbili, na mama wa watu akamshukuru, akamwombea dua kwa kumwondolea balaa. Wiki tatu baadae yule mjukuu alikuwa akipita akakiona kimewekwa mbele ya duka kwenye kioo, kimefutwa vumbi, na kikaratasi kimeandikwa mfupa wa ngamia, kazi ya India, 85,000. Mfupa wa ngamia. Kwa hiyo alipokuwa anakinunua kilikuwa pembe na alipokuwa anakiuza kikawa mfupa, na alijua toka mwanzo.

Nilishindwa kulala. Asubuhi nikakikunja kimeza, nikakifunga kwa blanketi, nikaenda nacho kwa fundi mmoja mzee huku Kuze ambae amefanya milango na masanduku maisha yake yote. Hakuniuliza nauza bei gani. Alikiweka juani pembeni mwa dirisha, akatoa lenzi yake, akaninyooshea akasema angalia mwenyewe. Na nilichokiona nakiandika hapa kwa sababu kila mwenye kitu kama hiki ndani anaweza kukiona pia, lenzi ya watoto wa shule inatosha.

Mfupa una vitundu. Ukiutazama kwa karibu unaona vidoti na vistari vifupi vya rangi ya kahawia, kama umechomwa kwa ncha ya sindano, ni njia zilizokuwa zikipita damu mnyama alipokuwa hai, na uchafu wa miaka umeingia humo ndio maana vinaonekana. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, ni laini kabisa, na pale ilipokatwa kichwani, yaani si kwa urefu, unaona mistari myembamba inayopishana kama ukili wa mkeka. Plastiki haina hiki wala kile, ni nyeupe ya aina moja kutoka ukingo hadi ukingo, na ukiigusa na shavu haina ule ubaridi. Kuna watu watakwambia choma kwa sindano ya moto unuse, fundi akanambia mtu akikwambia hivyo mfukuze, utabaki na tundu la kuungua na jibu ulilotaka ungelipata kwa macho.

Vipande vya kimeza chetu vyote vina vitundu. Vyote, isipokuwa majani manne karibu na nyota ambayo ni plastiki, kuna mtu alivitia miaka ya nyuma kuziba mapengo, na hata mimi baada ya kuonyeshwa naviona mara moja, vimebaki vyeupe kama meno ya bandia wakati wenzao wamekuwa rangi ya maziwa ya chai. Sikutosheka, nikampelekea mtu wa pili aliesomea mambo ya vifaa vya kale, nae akasema vile vile, mfupa. Ubao akasema ni shishamu, ule mti wa kahawia wenye mawimbi unaotoka Punjab, India, na mtindo ni wa Hoshiarpur, mji wa huko huko Punjab ambao mafundi wake wamejulikana kwa njumu tangu zama za Waingereza, vimeza vya kukunjwa kama hivi vilitengenezwa kwa wingi kuuzwa nje na kufika kila mahali ambapo meli na majahazi yalifika. Kwa nini visifike Mombasa? Majahazi ya Kachi, nako ni India, yalikuwa yakija na kaskazi kila mwaka na kurudi na kusi yamejaa boriti, na meli za kampuni ya British India zilikuwa zinaunganisha Bombay na pwani hii tangu karne ya kumi na tisa. Chini ya uso kila kibao kimekatwa alama ya kisu, kimoja, viwili, vitatu, mpaka vinane, na kila tundu lina alama yake ya kufanana ili ukikifungua usikosee kukirudisha. Miaka yote bibi alijua kukifunga na mimi nilidhani ni uzoefu tu, kumbe fundi wa Hoshiarpur alimwachia maelezo.

Nisieleweke vibaya hapa. Sisemi pembe si kitu, wala sisemi sheria ipuuzwe. Hii pwani yetu ndio iliokuwa mlango wa pembe, karne ya kumi na tisa Unguja ilikuwa soko kubwa, pembe zilitoka bara mabegani mwa watu, wengine wao watumwa, zikafika hapa zikapakiwa kwenda Bombay kuwa bangili na njumu, na nyingine zikavuka mpaka Marekani, huko Connecticut kulikuwa na miji miwili, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kutengeneza vibao vya piano kwa pembe za kwetu. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 Nairobi dunia nzima ikiona, na mwaka huo huo biashara ya pembe za ndovu wa Afrika ikapigwa marufuku kimataifa, mwaka 2016 zikachomwa tani 105. Mimi likizo za shule nilikuwa nikizipitisha kwa mjomba karibu na Tsavo, nimeona mzoga wa ndovu uliokatwa uso, ile harufu haitoki puani. Kwa hiyo kama vipande vya meza yako kweli ni pembe, basi usiuze, usimpe mtu, usivuke nayo mpaka wala usiipande ndege, manake kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 hata kuwa nayo tu bila kibali ni kosa zito, nenda kwa wenyewe wa wanyamapori ukiwa na wakili au mtu unaemwamini ukaulize kibali. Hiyo ndio njia, na si kumpa mtu kwa giza.

Ninachosema ni kwamba sheria hii nzuri imegeuka fimbo mkononi mwa matapeli. Wanajua wazee wetu wanaijua nusu. Wamesikia kwenye redio pembe ni jela, hawakusikia jinsi ya kutofautisha pembe na mfupa, na huo mwanya ndio madalali wanaopitia. Bibi mwenye mfupa wa ngamia sebuleni anaishi na hofu kana kwamba yeye ni muuaji wa ndovu.

Na sheria ya pili nayo ni hivyo hivyo, watu wanatishwa nayo na hakuna anaewasomea. Ile sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inasema kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na milango na fremu za nakshi za kabla ya 1946 nazo zimewekewa ulinzi wake, vitu hivi huwezi kuvitoa nje ya nchi bila kibali cha serikali. Haisemi bibi hana haki ya kuwa na kimeza. Tena hiyo ya milango inafaa ibandikwe kila msikiti wa Mji wa Kale, manake milango yetu imeng'olewa na kupakiwa makontena tukiangalia.

Binamu yangu aliyeko Leicester aliposikia akasema nitumieni huku nitawauzia, huku watu wanalipa. Nikamuuliza kwanza aangalie sheria za huko, akaangalia, akarudi mwenyewe kimya kimya. Uingereza nao wana sheria yao ya pembe ya 2018, ikaanza kazi 2022, kitu chenye pembe huuzi mpaka kisajiliwe, na kimeza kama hiki lazima kithibitike ni cha kabla ya 1947 na pembe isifike asilimia kumi ya kitu kizima. Chetu ni mfupa kwa hiyo hakimo humo, lakini mnunuzi wa huko lazima atauliza uthibitisho, na uthibitisho wenyewe ndio huo hatuna, tuna neno la fundi mzee na lenzi yake.

Ndio nafika kwenye ombi langu. Naomba wenzetu wa Makavazi ya Kitaifa, wale walioko Fort Jesus na wale wa Lamu, watuwekee siku. Siku moja kwa mwezi inatosha, asubuhi tu. Watu waje na vimeza vyao, visanduku, mabakuli, viti, mtaalamu aangalie, atwambie hii ni nini, imetoka wapi, ni mfupa au ni pembe au ni plastiki, na atuandikie karatasi yenye mhuri. Bei hatutaki mtutajie. Tukishajua tulicho nacho bei tutaijua wenyewe. Wataalamu wanaolinda viti vya enzi vya mpingo pale Lamu hawashindwi na kimeza cha Kibokoni, na mimi naamini kabisa hao wazee wakijua kuna mlango wa kubisha mchana watakuja, wanakwenda kwa dalali kwa sababu dalali ndie peke yake anaekuja kuwauliza.

Na watu wa wanyamapori nao, siku hiyo waleteni, lakini waje kufundisha. Mzee akiona sare hataleta kitu.

Kuna jambo jingine dogo ila linaniuma kwa vile nimeliona kwenye nyumba nyingi, jinsi tunavyoviua hivi vitu kwa kuvipenda. Kila Ramadhani ikikaribia watu wanatoa vitu nje wanapiga msasa. Jamani, kile kipande cha mfupa hakifiki unene wa milimita mbili, na ile mistari ya majani iliyochorwa juu yake imechanjwa kwa ncha tu kisha ikapakwa weusi, msasa mara mbili hiyo mistari imekwenda na hakuna fundi wa kuirudisha. Usifute kwa kitambaa chenye maji, gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa, maji yanaiyeyusha, vipande vinaachia kimoja kimoja. Kikiachia usitie supa gluu, kiweke ndani ya bahasha uandike kimetoka wapi. Kitambaa kikavu laini, basi. Na usikiweke chini ya ac. Mbao iliyozoea unyevu wa bahari ukiipeleka kwenye upepo mkavu inanywea, mfupa haunywei kiasi hicho, sasa mbao ikibana na mfupa ukikataa ndio unasikia usiku kitu kimeruka ta! kwenye sakafu. Yule fundi anasema mapengo mengi anayoletewa ni ya vitu vilivyohamia kwenye nyumba za ac au kupelekwa Nairobi, si vya uzee.

Namrudia jirani yetu. Nilikwenda nae mpaka lile duka, yeye alikataa kuingia akasimama upande wa pili wa barabara chini ya kivuli, nikaingia mimi. Nikauliza kwa adabu, mwenyewe akanambia biashara ni biashara, yeye alilipa pesa na mama akapokea kwa hiari. Nikatoka. Alichonambia yule mama njiani sijakisahau, hakuzungumzia pesa hata kidogo, alisema mumewe alikuwa akisomea Kurani juu ya kile kimeza kila baada ya Alfajiri, na kwamba tangu auze amekuwa akimwomba radhi kwa kudhani miaka yote alikuwa akiweka msahafu juu ya kitu haramu. Nikamwambia ni mfupa mama, ni ngamia, ni halali. Akasimama katikati ya njia akashika mkono wangu akaniuliza una hakika? Nikamrudia mara tatu.

Basi mhariri, kimeza chetu bado kinauzwa. Tumekubaliana familia bei ni elfu arobaini na tano, tunajua mwenye duka angetaja mara mbili yake lakini sisi hatuna kioo cha barabarani wala haraka. Atakaenunua tutampa karatasi tulioandika, kila tunachokijua, mwaka 1951, yule jirani wa Marikiti bila kutaja jina lake, kaa la chetezo, plastiki nne, mapengo kumi na saba, na bahasha yenye vipande vitatu tulivyovipata chini ya zulia tulipohamisha samadari. Tutamwonyesha alama za kisu na namna ya kukikunja. Tunamwomba mawili tu, asikipige msasa na asiking'oe kile kipande cheusi cha kuungua. Yule mama wa Nyali nimemweleza yote haya akasema atafikiria, na juzi amenipigia tena akiuliza kama kwenye nyumba isiyo na ac kitakaa vizuri, nikamwambia kitakaa sana.

Anaekitaka mhariri anajua pa kunipata. Aje mchana. Kiko sebuleni karibu na dirisha, tumeondoa kile kitambaa cha mshono alichokuwa bibi akikifunika, na Jumapili shangazi atakuja kukifukizia udi juu yake mara ya mwisho, kwa hiyo siku hiyo mgeni akija atakuta na kahawa.

Mjukuu wa Kibokoni,
Mombasa